Mto Hausimami Kunywa Chai

Kuywa, Bungoma
11 Juni 2006

Kwa Ian, mume wangu mdogo,

Pokea salamu kutoka hapa kando ya mto. Mimi Kukhu wako Nekesa ni mzima. Goti la kushoto linalalamika asubuhi na la kulia linamjibu mwenzake jioni, lakini yote mawili bado yananipandisha kilima mpaka kanisani. Jirani yangu Sellah anakusalimu. Kuku mwekundu ameangua vifaranga na sasa ni mkali kuliko askari wa soko. Msalimu baba yako Wekoye na mama yako Mwihaki. Mwihaki bado anashtuka nikikuita mume? Mweleze tena kwamba kwetu Bukusu bibi na mjukuu hutaniana hivyo, si wazimu.

Sasa habari ya mashine yako. Tangu mlipoichimbia shimo, mkatia saruji na kuifunika kwa mabati, boma langu halina amani. Kila anayepita anauliza, "Kukhu, ati mmezika nini?" Mzee mmoja wa kanisa alivua kofia akasimama kimya, akidhani ni kaburi. Nilimwacha kwanza amalize sala, halafu nikamwambia ni sikio.

Nawaeleza kama ulivyonieleza. Maji yakiwa mengi yanasukuma mawe huko chini, mawe yanagongana, na ardhi inatetemeka kidogo sana, mguu wa mtu hauwezi kujua. Sikio linajua. Linapeleka habari kwa ile antena mpaka Kitale, na Ian anaziona kwenye kompyuta. Sellah akasema, "Si angesimamisha tu kijiti majini apime?" Nikamwambia kijiti walisimamisha mwaka jana, na mto ukaenda nacho.

Baba yako asisahau tulivyopatana mbele yako. Mto ukifurika na mashine ikaweza kunitoa mapema, nabaki nyumbani kwangu. Ikishindwa, Krismasi nahamia Kitale, kwenye kile chumba chake chenye sakafu ya kuteleza. Ian, mimi sitaki hicho chumba. Kuka wako, mume wangu mkubwa, amezikwa hapa nyuma ya migomba. Nitamwachia nani?

Yeye aliuita mto huu shemeji, kwa kuwa unashuka kutoka mlimani, upande wa kwetu nilikozaliwa. "Shemeji hawezi kunidhuru," alikuwa akisema, huku amekunja suruali mguu mmoja tu. Siku zote mmoja tu. Basi.

Fanya kazi vizuri.

Kukhu wako,
Nekesa


Kitale
9 Julai 2006

Kukhu mpendwa,

Natumaini magoti yamepatana. Huku sisi ni wazima, ila mvua imetufungia ndani na baba ananung'unikia mahindi yake. Mama anacheka sasa ukiniita mume. Juzi aliniambia niende dukani "kabla mke wako wa Bungoma hajajua wewe ni mvivu."

Ofisi yetu iko juu ya duka la mbegu. Nakaa mbele ya kompyuta kutwa nzima nikiangalia mto wako, na hakuna hata tone la maji. Kuna mstari tu. Mto ukitulia, mstari ni kama umepigwa na rula na mtu mwenye baridi kidogo. Posho mill ya njia panda ikiwashwa, unanenepa. Jumapili kwaya yenu ikianza kuruka, hata kutoka huko kilimani naona. Mwambie mwenye sauti nzito apunguze kisigino.

Lakini kuna jambo. Kila alasiri kitu kinagonga karibu kabisa na shimo. Du, du, du. Halafu kimya. Mkubwa wangu, Daktari Gachanja, ameandika kando ya mstari "ng'ombe" na alama ya kuuliza. Tafadhali mfunge mbali, kwa sababu Daktari ana wasiwasi na kituo chetu. Anasema kiko karibu mno na watu.

Kukhu, hujawahi kuniambia siku ile mto ulipomchukua Kuka ilikuwaje. Mto ulibadilika vipi? Ulisikia chochote kabla? Jibu lako lingenisaidia kazini. Na si kazini tu.

Mjukuu na mume wako,
Ian


Kuywa
30 Julai 2006

Kwa Ian mpenzi,

Barua yako ilikaa ndani ya mkoba wa Sellah tangu siku ya soko Kimilili, pamoja na omena. Nimeisoma nikasikia njaa.

Sisi ni wazima. Ng'ombe wangu nilimchinja kwenye mazishi, wewe mwenyewe ulikula ini. Kwa hiyo huyo wa Daktari Gachanja mimi simjui.

Siku ile kulikuwa na jua. Nilikuwa naanika mahindi. Tuzungumze mengine.

Huu ni mwaka wa tohara, na kijana wa Sellah ataingia Agosti. Njuga zinalia kijiji kizima na hakuna anayefanya kazi. Kama Daktari atakupa ruhusa, njoo ucheze. Kama hatakupa, tutacheza na sehemu yako.

Kukhu


Kuywa
15 Agosti 2006

Kwa Ian, mume wangu, na mume wa aibu yangu,

Nakusalimu nikiwa nimeshika mbavu. Wote ni wazima, hata kijana wa Sellah, alisimama imara hakupepesa jicho. Nakuandikia mapema kabla hujasikia kwa wengine, maana kila mtu atakuambia kwa namna yake, na namna ya Sellah ina uongo mwingi.

Kulipokucha Jumamosi, wanaume walimpeleka kijana mtoni kupakwa tope, kama inavyotakiwa. Mimi na wanawake tulikuwa bomani kwa Sellah tukingoja wimbo urudi. Mara tukamwona Naibu Chifu anateremka mbio na kaptula ya kulalia na kofia ya serikali, anapuliza filimbi.

"Mto unakuja! Kitale wamepiga simu! Tokeni!"

Sellah akamwambia, "Mzee, mto uko pale pale. Kwanza funga kifungo."

Hakufunga. Alifika ukingoni akawakuta watu wengi wanaruka kwa miguu yote, na kijana katikati amepakwa tope mpaka kope. "Pandeni juu! Njia hii hapa, fupi!" Wazee wakakataa. "Hiyo ndiyo tuliyojia. Kijana akitoka mtoni harudi kwa njia aliyojia. Wewe ulizaliwa wapi?" Naibu Chifu akasema yeye amezaliwa hapa hapa, lakini maji hayajui mila. Wakabishana. Mwishowe wakakubali kukimbia, ila kwa njia ile nyingine, na bila kuacha wimbo.

Na ile njia nyingine, Ian, inapita bomani kwangu. Juu ya sikio lako.

Kijiji kizima kilipita pale kinakimbia na kuimba na kukanyaga, na njuga, na ngoma, na mbuzi wa watu. Simu ya Naibu Chifu ikalia tena. Tulikusikia sote, ulikuwa unapiga kelele: "Imezidi! Imefika kwa nyumba! Waambie wakimbie!" Basi akapuliza filimbi kwa nguvu, nao wakaongeza mbio. Simu ikalia tena: "Inazidi!" Wakazidi. Nakhungu, yule wa baiskeli, alinipita mara mbili, akirudi kuchukua kiatu na akienda nacho.

Mimi nilikuwa nimeshafika mlangoni kwangu. Nikatazama mto. Bata wawili walikuwa wanaoga.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Tangu Kuka aondoke sikuwa nimecheka hivyo, na katikati ya kicheko nikamtafuta kwa macho ili nimwonyeshe Naibu Chifu na kile kifungo.

Usiumie moyo. Kijana wa Sellah atakuwa na hadithi mpaka uzee wake. Ila baba yako amepiga simu kwa Sellah na hakucheka. Alisema tu, "Krismasi." Daktari Gachanja amesema nini?

Kukhu wako


Kitale
24 Septemba 2006

Kukhu mpendwa,

Samahani kwa kukawia. Sisi ni wazima. Mama amevuna viazi na anakutumia kiroba. Hapa mjini watu wa kwenu wakiniona wananipulizia filimbi, ati "inazidi!" Nimezoea. Juzi nilijipulizia mwenyewe.

Usiku ule mvua kubwa ilinyesha mlimani, ndiyo maana nilipoona mstari umepanda nilidhani ni maji. Tangu siku hiyo nimeirudia ile picha mpaka naiona nikifumba macho, na nimegundua kitu. Watu husimama. Ubeti ukiisha, mstari unashuka. Mtu akivuta pumzi, unashuka. Wazee walipobishana na Naibu Chifu, ulishuka kabisa, na mimi nikadhani maji yamekusanya nguvu! Mto haufanyi hivyo. Mto ukipanda unavuma moja kwa moja, mwembamba na mkali, wala hausimami kunywa chai. Nimemwonyesha Daktari Gachanja. Aliangalia muda mrefu.

Na jambo lingine. Yule ng'ombe wa alasiri. Baba aliniambia siku uliyopelekwa hospitali ya Lugulu kwa ajili ya goti. Nikafungua mstari wa siku hiyo. Hakuna du, du, du. Kukhu, ni ng'ombe gani huyo anayetibiwa goti Lugulu?

Ian


Kuywa
8 Oktoba 2006

Kwa Ian,

Viazi vimefika, mwambie Mwihaki vinaiva vizuri na havina maneno mengi kama mwanawe.

Nilikuwa nakusalimia. Wewe ulisema unaangalia kutwa nzima, nikaona si vizuri kupita hapo bila kusema hujambo. Nagonga kwa kisigino mara tatu, narudi jikoni. Alasiri ni ndefu siku hizi. Kama Daktari hataki, nitaacha.

Umeandika vizuri juu ya mto na chai, lakini hujasema kama mashine inabaki. Nimesoma mpaka nyuma ya karatasi.

Baba yako alikuja wiki jana. Tulibishana sokoni mbele ya watu, naye alisema mimi ni mkaidi kuliko punda wa maji. Nikamwambia kwa sauti, soko zima likasikia: "Mimi sihami kwa maneno. Siku mtakayoona godoro langu nje ya mlango, mjue Nekesa ameshindwa, nipakieni kwa gari." Watu wakapiga makofi. Baba yako akanunua vitunguu ambavyo hakuvihitaji.

Uliuliza siku ile. Kulikuwa na jua, nilishakuambia. Kuka alikuwa katikati ya kivuko na kiroba begani, akageuka kunicheka, kwa sababu nilikuwa nimempigia kelele akunje na ule mguu mwingine. Mvua ilikuwa imenyesha huko juu tu, kwetu hapakuwa hata na wingu. Mimi sikusikia kitu. Sasa nafikiri labda ardhi ilisikia, ila hapakuwa na wa kuambiwa.

Kukhu


Kitale
19 Novemba 2006

Kukhu,

Sijui kama barua hii itasomwa na wewe. Naandika kwa sababu mikono haina kazi nyingine. Daraja limekatika, simu ya Sellah imezima tangu jana, na baba aliondoka na pickup akazuiwa njiani. Nampa mtu atakayejaribu kuvuka kwa miguu akipata njia.

Nilikuficha jambo. Baada ya Agosti, Daktari Gachanja aliamua kuing'oa mashine. Nilimwomba mpaka mwisho wa Novemba. Sikutaka kukuambia kwa sababu ungejua chumba cha Kitale kimeshafagiliwa.

Jana asubuhi mstari ulianza kupanda. Mwembamba, mkali. Niliungoja usimame. Nilikunywa chai mimi, wenyewe haukusimama. Nikampigia Naibu Chifu. Aliniuliza, "Leo tunatahiri nani, bwana Ian?" akakata. Ndipo nikampigia Sellah. Baada ya wewe kuniuliza lile swali moja na kumrudishia simu, niliona watu wanapita karibu na shimo, wengi, nikashukuru Mungu. Halafu mvumo ukapanda ukameza kila kitu, na mstari ukakatika.

Sasa kwenye kompyuta kuna weupe tu. Ukiwa hai niandikie hata neno moja.

Ian wako


Kuywa
3 Desemba 2006

Kwa Ian, mume wangu,

Hai! Nimeanza na hilo neno ulilotaka. Sellah ni hai, Nakhungu ni hai, Naibu Chifu ni hai na amefunga vifungo vyote. Hakuna hata mtu mmoja tuliyempoteza. Kuku mwekundu alinidonoa njia nzima. Baba yako atakuwa ameshakuambia kwamba nipo, lakini yeye husimulia kama anasoma risiti, kwa hiyo sikiliza.

Sellah alikuja mbio na simu akisema, "Mjukuu wako analia." Nikakusikia ndani ukikana. Nilikuuliza tu, "Mstari unapumzika?" ukasema, "Haujapumzika tangu asubuhi, Kukhu." Nikatazama juu. Jua. Mahindi yangu yameanikwa. Ian, lilikuwa jua lile lile.

Tuliteremka kuwaambia watu wa kivukoni. Wakacheka. "Kukhu, nyama ya sherehe iko wapi?" "Mwambie Ian atutumie ngoma kwanza!" Nakhungu alikuwa anaosha baiskeli yake, akapuliza filimbi kwa vidole. Nikaona hawa hawatoki. Mimi ningetoka peke yangu, na wao wangebaki wakicheka, kama Kuka alivyogeuka akicheka.

Nikarudi nyumbani. Nilisimama kidogo katikati ya chumba. Halafu nikalikunja godoro langu, nikajitwika kichwani, nikatoka nalo mlangoni mchana kweupe, nikapanda njia ya kanisani bila kusema kitu.

Kicheko kilikatika. Nilimsikia Nakhungu nyuma yangu: "Nekesa ametoa godoro." Mwingine akarudia. Ikapita ukingo mzima, ametoa godoro, Nekesa ametoa godoro, na hakuna aliyeuliza tena swali. Walibeba mbuzi, walibeba sufuria zikiwa na ugali ndani. Nakhungu alimpakia mama yake kwenye baiskeli iliyokuwa bado na sabuni, na yule mama akawa anateleza na kumtukana mpaka juu.

Tulipofika kanisani mto ulikuwa bado mdogo. Mtu mmoja akaanza kusema, "Huyu mzee ametu—" na hapo ukaja. Wa kahawia, na mti mzima ndani yake, mizizi juu. Ulichukua jiko langu kama mtu anavyookota kofia. Nyumba iliingia tope mpaka madirishani. Maji yalipanda mpaka migombani, yakageuka. Kuka hakulowa.

Daraja lilipopitika, baba yako alikuja na pickup na kamba. Alinikumbatia kwanza, muda mrefu, mpaka mkanda wa saa yake ukanasa kwenye kitambaa changu. Halafu akaliona godoro kwenye baraza ya kanisa. "Mama, ulisema mwenyewe. Mbele ya soko."

Ni kweli nilisema. Nikaanza kukunja blanketi.

Akatafuta mtu wa kumsaidia kupakia, hakuna. Akaenda kuwatafuta, nami nikamfuata. Wote walikuwa juu kabisa ya shamba langu, karibu na uzio wa kanisa, wamechimba udongo na kumwaga maji, wanaukanyaga kwa miguu, wanawake kwa wanaume, na wimbo juu. Nguzo zilikuwa zimeshasimamishwa. Hakuna aliyeniambia! Nilidhani wanajenga choo cha kanisa, kumbe ni nyumba yangu.

Sellah, tope mpaka magotini, akamwambia baba yako, "Wekoye, godoro hilo unalipeleka wapi?"

"Kitale. Tulipatana. Mashine ikishindwa, mama anahama."

"Na imeshindwa wapi? Si mama ni huyu hapa, mkavu?"

"Alisema likionekana nje..."

Nakhungu akamkata. "Sasa sikiliza, ndugu yangu. Mashine hatujui kuisoma. Naibu Chifu tulishamwona na kaptula. Sisi tunamwangalia Nekesa. Huko Kitale akitoa godoro nani atakimbia? Watafikiri anaanika kunguni."

Watu wakacheka, baba yako hakucheka. Alitazama mto, akatazama migomba. Sellah akasema, "Vua viatu au toka kwenye udongo wetu, una visigino vya mjini."

Ian, alivua. Akaweka soksi ndani ya viatu vizuri, kama Mwihaki alivyomfundisha, akaingia. Changarawe ya kwanza ilimfanya aruke kama mbuzi. Ya pili akamshika Sellah, wote wawili wakaketi kwenye tope. Hapo ndipo alipocheka, akacheka mpaka akashindwa kusimama, mtu mzima mwenye pickup. Nami nikaacha blanketi nikaingia na magoti yangu yote mawili.

Kuta zimeanza kukauka. Daktari Gachanja alifika akachimbua sikio lenu. Betri na waya vimekufa, lenyewe ni zima. Aliniuliza kama ana ruhusa ya kulizika upya huku juu. Nikamwambia aulize baba yako. Baba yako akamwonyesha mahali kwa kidole.

Njoo uione nyumba. Msalimu Mwihaki sana. Na ukiwa na nafasi katika sala zako za jioni, unikumbuke.

Kukhu wako,
Nekesa